Mawifi Wawili na Chui wa Koridoni

Siku hiyo wifi yake Fundi alikuja kumchukua mama, na hakuja kuomba.

"Chumba nimeshaandaa," alisema kabla hata hajavua viatu. "Mama anaondoka na mimi leo hii. Hapa si mahali pa kumweka mtu mzima."

Fundi hakuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa anashona sare za shule, na sindano ilikuwa katikati ya mfuko wa shati. "Mama mwenyewe umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Mimi ni mwanawe."

"Na mimi ni nani, wifi? Mpangaji?"

Mtaani walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake. Wifi yake, dada wa mumewe, aliitwa Redio, kwa kuwa tangu utoto hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa. Alikuwa msusi, na wateja wake walisema ukitoka kwenye kiti chake unaondoka na nywele mpya na habari za nusu ya mji. Mwili alikuwa nao, sauti alikuwa nayo, na huruma pia, ila huruma yake ilikuwa na tabia ya kuingia mlangoni kwa kelele.

Mama aliulizwa, mwishowe. Akasema haendi popote kabla ya kulala usingizi wake wa mchana, na kwamba wakitaka kugombana wagombane taratibu. Akajikongoja hadi chumbani kwake na fimbo yake, akaacha mlango wazi kama kawaida, maana mlango uliofungwa ulimpa hisia ya kufunikwa uso. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa siku nyingi. La kulia ndilo alilolilalia. Akishalala hivyo, hata ungepiga ngoma, hakuwa na habari na wewe.

Kusema kweli, Redio hakuwa amekosea kila kitu. Nyumba ile ilikuwa ya mwisho mtaani. Nyuma ya ukuta wake palikuwa na msitu mnene, mpaka kampuni moja ya ujenzi ilipoununua ili kupanua mtaa. Sasa ulikuwa udongo mwekundu mtupu, vigingi vya viwanja, na malundo ya magogo. Mume wa Fundi alikuwa mmoja wa madereva wa tingatinga waliofanya kazi hiyo. Jioni alirudi na vumbi hadi ndani ya masikio, akasimulia alichokiona kikikimbia mbele ya mashine yake: kanga, swala wadogo, nguruwe-pori na watoto wao kwenye mstari. Mwanzoni walikuwa wanacheka. Nyani walipoanza kukaa juu ya mabati na kuchezea nguo zilizoanikwa, bado walicheka. Kisha mbwa wakaanza kupotea. Watu wakasema ni wezi wa mbwa, kana kwamba kuna mtu mwenye akili zake atakayeiba mbwa koko akaacha televisheni.

"Mmehamia mbugani," Redio alikuwa akisema sasa, huku akikunja magauni ya mama na kuyatia kwenye begi. "Tena bila kiingilio. Siku moja fisi atabisha hodi, wewe utamkaribisha chai."

Fundi aliuma midomo akaendelea kushona. Alikuwa amemwogesha mama asubuhi ile, amemkata kucha, amemtafutia miwani iliyokuwa kichwani mwake mwenyewe. Hakuona sababu ya kuyataja. Lakini mshono ukaenda upande. Akasimama kwenda jikoni kunywa maji.

Hakufika. Alikuwa koridoni, mbele ya bafu, Redio akiwa nyuma yake na lile begi, mlango wa nyuma ulipobamizwa. Mbwa mdogo mweupe wa jirani aliingia jikoni kwa kasi, akateleza kwenye sakafu, akapita kati ya miguu ya Fundi na kujitupa bafuni. Mlango ule wa nyuma ulikuwa wa wavu, wenye springi. Ukiusukuma kutoka nje unafunguka, ukiuachia unajifunga. Ulijifunga. Kisha ukasukumwa tena.

Fundi aliona kwanza mabega. Yalikuwa yakipanda na kushuka chini ya ngozi ya manjano yenye madoa, bila haraka. Kichwa kilikuwa chini, karibu na sakafu. Akili yake ilimwambia ni mbwa mkubwa wa mtu fulani, na miguu yake ikakataa uongo huo. Alimsukuma Redio bafuni, begi na yote, akaingia, akafunga mlango na kusukuma kikomeo.

"Nini? Nini wewe?"

"Chui."

Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Fundi aolewe katika ukoo ule, hakikutoka kitu.

Nyuma ya mlango kulikuwa kimya. Kisha wakasikia pumzi. Ilikuja chini, penye uwazi kati ya mlango na sakafu, ikivuta na kusukuma. Mbwa alikuwa amejibana nyuma ya choo, analia kwa sauti nyembamba isiyokatika. Kucha zikapita kwenye ubao wa mlango kutoka juu hadi chini, polepole. Mlango wenyewe ulikuwa wa zile mbao nyepesi zilizo tupu ndani. Mume wa Fundi alikuwa akiahidi kuubadilisha tangu walipohamia.

"Mnyamazishe," Fundi alinong'ona.

Redio alichuchumaa, akamvuta mbwa, akamfunika kwa kanga yake na kumbana kifuani. "Nyamaza, baba," alimwambia. "Nyamaza, mume wangu wee, utatuua." Mbwa akatetemeka, lakini akanyamaza.

Wote wawili walikumbuka kwa pamoja. Fundi aliliona hilo kwenye uso wa wifi yake, kama wifi naye alivyoliona kwenye wake.

"Mama," Redio alisema bila sauti.

Chumba cha mama kilikuwa kinachofuata, upande uleule wa koridoni. Mlango wazi. Na mama akiamka, cha kwanza hutafuta miwani, cha pili fimbo, cha tatu huja hukuhuku msalani.

"Simu yako iko wapi?"

"Kwenye mkoba. Sebuleni. Yako?"

"Kwenye cherehani."

Dirisha la bafu lilikuwa dogo, juu, na nondo zake zilitazama ukuta. Redio alivuta pumzi ya kupiga ukunga. Fundi akamziba mdomo kwa kiganja.

"Ukipiga kelele, nani atatoka kutazama? Jirani hasikii kitu kwa mashine zile. Na kama mama amegeuka ubavu, atakusikia, atatoka."

Ni kweli, tingatinga zilikuwa zinanguruma nyuma ya ukuta kama kila siku. Moja kati ya hizo ilikuwa na mumewe juu, amevaa vizuia kelele masikioni. Fundi alihisi hasira ya ajabu juu ya hilo, hasira isiyo na wa kupewa.

Sebuleni simu ililia. Ile pumzi ya chini ya mlango ikakatika. Walisikia miguu laini ikiondoka, kisha kishindo, kitu cha kioo kikapasuka. Simu ikalia mpaka ikachoka.

Fundi alitazama juu. Kwenye dari ya bafu palikuwa na kimlango cha mraba ambacho fundi bomba hupandia kwenda kwenye tangi.

Redio alifuata macho yake. "Nipandishe," alisema. "Ni mama yangu."

"Wifi, dari ni ya gypsum. Ukikanyaga na mwili huo, utamwangukia chui kichwani."

"Afadhali nimuue mimi kuliko—"

"Nisikilize. Mimi nitapita juu ya mbao, nishukie chumbani kwake, nifunge mlango. Wewe baki hapa. Nikibisha darini, zungumza."

"Nizungumze nini?"

"Chochote! Lini umewahi kukosa? Zungumza kwa nguvu aje huku kwako, anipe nafasi."

Redio aliutazama mlango, zile mbao tupu, na kikomeo chenye skrubu mbili. Alielewa alichoombwa. Akamweka mbwa ndani ya begi, juu ya magauni ya mama, akafunga zipu ikabaki pua tu. Akainama na kushika magoti. "Panda. Vua viatu kwanza, unaniumiza."

Kule juu kulikuwa na joto la tanuri. Mabati yalikuwa yamepigwa na jua tangu asubuhi, na kila alipoinua kichwa yalimgusa utosini. Giza lilikuwa na harufu ya panya na vumbi la saruji. Fundi alitambaa kwa magoti juu ya mbao, mkono mmoja, goti moja, akipapasa mbele asije akaweka uzito kwenye ile karatasi laini ya dari. Nyaya zilimshika nywele. Msumari ukamchana paja na hakuhisi mpaka alipoona unyevu kwenye gauni. Chini yake, kupitia dari, alisikia kitu kikitembea koridoni. Alisimama. Nacho kikasimama. Jasho lilimdondoka kwenye ncha ya pua, na akaona hata tone lile litasikika.

Kisha kikaendelea.

Juu ya chumba cha mama palikuwa na tundu la taa lililokatwa vibaya, mwanga ukipenya pembeni. Alilala kifudifudi, akaweka jicho. Kitanda kilionekana kitupu.

Akasogeza jicho. Mama alikuwa amekaa ukingoni, upande wa mlango, anapapasa sakafu kwa nyayo kutafuta kandambili. Miwani ilikuwa imeshavaliwa. Fimbo ilikuwa mkononi.

Fundi aligonga mbao kwa ngumi. Mara moja tu, na toka bafuni sauti ya Redio ikalipuka.

"Wewe chui wewe! Wewe mwenye madoa kama shuka la gesti! Nani kakukaribisha? Njoo hapa unitazame! Unadhani mimi nakuogopa? Nimesuka vichwa vibaya kuliko chako! Njoo! Mama yako hakukufundisha kubisha hodi? Njoo, shetani mkubwa!" Alikuwa anapiga mlango kwa ndoo huku akisema, na mbwa ndani ya begi akabweka kwa nguvu zake zote. Miguu ilipita koridoni upesi, na ule mlango ukapigwa kwa uzito mzima wa mnyama. Redio hakunyamaza. Sauti yake ilipanda, ikapasuka, ikageuka karibu kilio, lakini maneno hayakukatika.

Fundi alishika mbao kwa mikono miwili, akaitupia dari miguu yote. Ilipasuka kirahisi kuliko alivyotarajia. Alianguka na vipande, na vumbi jeupe, na kiota kizima cha panya, akatua kwenye kitanda cha mama mkwe wake.

"Mwizi!" Mama alipiga kelele, akampiga fimbo ya bega.

"Mama, ni mimi!"

"Mwizi! Mwizi wa darini!"

Fundi aliruka kuelekea mlangoni. Kwenye kizingiti alitazama koridoni, kwa sababu haiwezekani kutotazama. Chui alikuwa mbele ya bafu, miguu ya mbele juu ya mlango, kichwa kimegeukia kwake. Alikuwa amekonda. Mbavu zilihesabika. Wakatazamana kwa muda ambao baadaye Fundi hakuweza kuueleza, si kwa mumewe wala kwa mtu mwingine. Kisha akabamiza mlango, akazungusha ufunguo. Mara ileile ulipigwa kutoka upande wa pili, na fremu ikatoa vumbi.

Alisukuma kabati. Mama, aliyekuwa amemtambua sasa chini ya ule weupe wa gypsum, alisimama akimtazama mkwewe akisukuma kabati kwa mgongo huku analia.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "kama hamtaki niende kwa Redio, mngesema tu."

Fundi alicheka, au alikohoa, hakujua. Akamwambia mama habari ya chui, kwenye sikio lililo hai. Mama alikaa kitandani. Mkono wake ulitafuta wa Fundi ukaushika.

Dirisha la chumba kile ndilo lililotazama barabara. Fundi alipiga ukunga mpaka muuza duka wa pembeni akatoka, na baada yake mtaa mzima. Kusubiri ndiko kulikuwa kugumu. Watu walijaa ukutani na mawe, mapanga na simu za kupigia picha. Wengine walitaka kuichoma nyumba moto, wakakumbushwa kwamba ndani mna watu. Kila walipopiga kelele, chui alizunguka upya: sebuleni, jikoni, koridoni, na kila alipopita bafu Fundi alisikia kikomeo kikitikisika na Redio akianza upya, sasa kwa sauti iliyokauka, akimweleza mnyama mambo ya ndoa yake ya kwanza.

"Wifi!" Fundi aliita kupitia ukuta. "Mama yuko salama!"

"Nimesikia!" Kisha: "Skrubu moja imetoka!"

Mumewe alifika mbio, amevuka ukuta, bado ana vile vizuia kelele shingoni. Alikuja moja kwa moja dirishani, akashika nondo, akaweka paji la uso juu ya mkono wa mkewe. Alipogeuka kwenda mlango wa mbele na chuma mkononi, muuza duka na wengine wawili walimshika, wakamlaza chini kabisa.

Ofisa wa wanyamapori alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, amechoka usoni, maana wito ule haukuwa wake wa kwanza siku hiyo. Aliwafukuza watu ukutani. Akapita madirisha moja moja akichungulia, akapitisha bunduki ya sindano ya usingizi kati ya nondo za sebuleni, akasubiri. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu anayefungua soda. Chui alinguruma, akaangusha cherehani, akaingia koridoni, akaegemea mlango wa bafu. Skrubu ya mwisho ikang'oka.

Mlango ulifunguka ndani. Redio alikuwa amesimama ndani ya beseni la kuogea, ndoo mkononi, begi linalobweka mgongoni. Chui aliingia kichwa na mabega, akamtazama, akajaribu kuinua mguu mmoja, akaushusha. Akalala pale kizingitini, kidevu juu ya kanga iliyoanguka. Redio alishusha ndoo. Walipomfikia hakuwa anasema neno, na ilibidi abebwe.

Walimnyoosha chui kwenye turubai, uani. Ofisa alipiga magoti, akagusa tumbo, akabana kwa vidole. Tone jeupe likatoka.

"Ananyonyesha," alisema. "Watoto wake hawako mbali."

Dereva wa tingatinga alikuwa amemshika mama yake bega. Akamwachia. "Kuna lundo la magogo upande wa bondeni," alisema. "Tulikuwa tumeanza kulisukuma."

"Mmeanza lini?"

"Leo."

Walikwenda wote watatu, yeye, ofisa na msaidizi wake. Msimamizi wa kampuni aliwakuta pale akauliza kazi itasimama kwa ajili ya paka mpaka saa ngapi. Dereva alichomoa ufunguo wa mashine, akautia mfukoni, akaanza kuondoa matawi kwa mikono.

Mama aliondoka na Redio alasiri ileile. Haikuwa kwamba mtu ameshinda. Chumba hakikuwa na dari tena. Jirani alikuja kumchukua mbwa wake, na mbwa akakataa kutoka kwapani mwa Redio, ikabidi avutwe. Fundi alipeleka begi kwenye gari mwenyewe.

"Nimeyaona hayo magauni," Redio alisema, sauti imekwisha kabisa. "Yamepigwa pasi yote. Mpaka ya ndani."

"Mama hapendi mikunjo."

"Najua." Alimtazama wifi yake, zile nywele nyeupe, damu iliyokauka kwenye paja. "Njoo Jumapili nikuoshe kichwa. Unanuka panya."

Fundi alibaki kupiga deki koridoni. Ile harufu ya mnyama, kali na ya moto, haikutoka kwa sabuni wala kwa dawa. Mumewe alirudi jua likizama, akakaa sakafuni palepale penye maji.

"Tumewapata," alisema. "Wawili. Mmoja amechukuliwa pamoja na mama yake. Watapelekwa mbali, kwenye hifadhi."

Fundi alikamua tambara ndooni.

"Mwingine alikuwa chini ya gogo. Alikuwa bado na joto." Alitazama viganja vyake. "Sikuhisi kitu, unajua? Juu kule kwenye kiti huhisi kitu chochote."

Fundi aliweka tambara chini, akakaa karibu naye. Hakumwambia si kosa lake, wala hakumwambia ni lake. Nje, mbwa walianza kubweka mtaa wa pili, kisha wakanyamaza kwa pamoja, na wote wawili wakainua vichwa.

"Kesho unatakiwa kazini?"

"Natakiwa."

Alfajiri alivaa buti akatoka. Fundi alisimama jikoni, mkono kwenye mlango wa wavu, akisikiliza. Mashine nyingine ziliwaka zikaanza kuvuma. Ya mumewe haikuwaka. Fundi alitoka uani, akapanda juu ya ndoo, akachungulia juu ya ukuta, akamwona kule bondeni, mtu mmoja mdogo kwenye udongo mwekundu, anazunguka lundo la magogo kwa miguu, anainama, anachungulia chini, anakwenda hatua chache na kuinama tena, huku msimamizi akimpigia kelele kwa mbali.